Jina Jipya la Bi Amtulla

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi kwa kujisifu. Ndivyo nilivyo, na kazi imenizidishia. Ukiwatengenezea watu tovuti kwa miaka tisa katika kisiwa hiki, utajifunza kwamba kila anayekwambia "wewe ni kama mwanangu" ana jambo analotaka ulifanye upesi na bure. Nina chumba cha kazi Bondeni, juu ya duka la vyombo, na mlangoni nimeandika jina langu, Kasyoka, na chini yake: Fundi wa Tovuti. Mteja akiingia, kwanza namtafutia kasoro. Nikiikosa, nashuku zaidi.

Bi Amtulla hakuja kwangu. Aliniita kwake, na nilipofika nikagundua kwamba kwa kushuku amenipita.

Duka lake la leso liko Ndia Kuu, chini ya nyumba anamokaa. Mumewe, marehemu Sherali, ndiye aliyelifungua, lakini mtunga majina alikuwa yeye. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwamba leso bila jina ni kitambaa tu. Yale maneno yaliyoandikwa karibu na pindo ndiyo mwanamke anayoyanunua, apate kumjibu jirani, mke mwenza au wifi bila kufungua mdomo. Bi Amtulla ametunga majina hayo kwa miaka arubaini na mitatu. Hajawahi kuiba la mtu, na hilo ndilo analojivunia kuliko duka lenyewe.

Siku hiyo ya kwanza aliniketisha karibu na kioo cha kujitazamia. Nilifikiri ni heshima. Baadaye nikaelewa kwamba alitaka kuiona mikono yangu kwa mbele na kwa nyuma.

"Sabalkheri, Bi Amtulla."

"Sabalkheri, mwanangu. Wewe ndiye Kashoka?"

"Kasyoka."

"Ndio hivyo, Kashoka."

Kashoka ni shoka dogo. Nikamwacha aniite hivyo, maana niliona ana jambo zito zaidi.

"Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa adabu," akasema. "Akija hapa havui viatu mpaka aambiwe aingie. Akanitengenezea tovuti, na lile jina la tovuti akaliandikisha kwake yeye. Tulipokosana akaondoka nalo. Leo ukitafuta duka la Sherali kwenye simu, latokea duka la viatu. Sasa niambie, wewe wataka kuondoka na nini?"

"Sitaki kuondoka na kitu, Bi."

"Hata yeye alisema vivyo hivyo."

Kwenye ngazi ya kupandia nyumbani aliketi mwanamume akitusikiliza. Alikuwa Arsalan, mtoto wa dadake Bi Amtulla, wa miaka thelathini na kitu, anayefanya kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Bi Amtulla ana mwana mmoja, Shoaib, naye yuko ng'ambo na hupiga simu siku za Idi. Kwa hivyo jamaa wa karibu aliyemsalia hapa mjini ni Arsalan, anayemwita Masi, kama kwao wanavyomwita mama mdogo. Kila siku saa saba mchana alikuja kula kwake, kwenye meza ndogo nyuma ya duka, na ufunguo wa pili wa duka ulikaa mfukoni mwake. Sikumpenda. Alikuwa mpole mno, na mtu mpole mimi humtazama mara mbili.

La kuamua siku hiyo lilikuwa mfumo. Tovuti ni kama duka, na mfumo ndio mlango wa nyuma, pale mwenye duka anapoingilia kubadilisha maneno na picha bila kumwita fundi kila mara. Ukimchagulia mteja mfumo mbaya atakulaumu mpaka siku ya kufa, wako au wake.

Arsalan alitaka mfumo wa kukodi, wa kampuni ya nje, ambao kila kitu kinakuja kimeshatengenezwa. Mimi nilitaka ule ulio huru, unaouweka unapotaka na kuhama nao ukichoka. Nikamwambia Bi Amtulla kwamba mfumo wa kukodi ni sawa na nyumba ya kupanga: siku mkikosana na mwenyewe, vyombo vyako vinabaki ndani. Hilo lilimwingia, kwa sababu ya yule kijana wa viatu. Kisha nikatoa turufu yangu. Mfumo wangu unazungumza Kiswahili. Kila kitufe, kila onyo, yote Kiswahili, na palipobaki Kiingereza nitapatafsiri kwa mkono wangu.

"Mwekee Kiingereza," akasema Arsalan kutoka kwenye ngazi.

"Kiingereza cha Masi wako ni cha benki na cha hospitali," nikamwambia. "Amesema mwenyewe."

"Ndiyo maana. Neno la Kiingereza asipolijua, ataniuliza. La Kiswahili ataona analijua."

Damu ilinipanda. Mwanamke aliyekula na kulea kwa maneno ya Kiswahili, leo anaambiwa na mtoto wa dadake kwamba Kiswahili kitamkanganya! Nikajiambia, huyu anataka Masi wake asiache kumuuliza. Anayeulizwa ndiye mwenye duka. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kungoja, nikalisema, nikilipaka asali kidogo tu.

Bi Amtulla alimtazama Arsalan, akanitazama mimi, akarudi kwa Arsalan.

"Kiswahili," akasema.

Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Kazi ilichukua mwezi. Jina la tovuti nililiandikisha kwa jina lake, na karatasi akaitia kabatini. Nilimwonyesha kwamba anaweza kuyaweka humo hata majina anayoyatunga, badala ya lile daftari lake lililoliwa na mende. Akiandika jina na kutia picha ya mchoro, akibonyeza Hifadhi, linabaki rasimu.

"Na rasimu yaonekana na nani?"

"Haoni mtu, Bi. Ni wewe na atakayekuwa na neno la siri."

"Nani atakuwa nalo?"

"Utakayemtaka."

Alitaka wawili, yeye na Arsalan. Mimi aliniambia nijifute, nami nikajifuta mbele yake huku ameniinamia begani. Hata hivyo, kabla ya kujifuta, niliongeza kitu kimoja nilichojivunia. Kila tovuti ikitoa kitu kipya, wote waliojiandikisha kupata habari za duka wanaletewa barua pepe papo hapo. Nilimweleza Bi Amtulla, akaitikia kwa kichwa. Leo sijui kama alinisikia. Wakati ule alikuwa anasoma vitufe, kidole kimoja kimoja, na uso umemchangamka. Hifadhi. Futa. Chapisha. Yote maneno anayoyajua.

Ilipokaribia Shaban, wakati wa harusi nyingi, aliniita nikapige picha za leso mpya zilizofika. Marobota yalikuwa mlangoni, moja limeshafunguliwa. Jina lake jipya alikuwa amelificha miezi yote, hata mimi sikuwa nimelisoma. Nikakunjua leso moja, nyekundu na nyeusi, nikasoma: ULOMDHANIA SIYE. Yule uliyemdhania si yeye. Nikacheka peke yangu. Nilimwona kabisa mwanamke fulani akipita nalo mbele ya mlango wa mwenziwe, polepole.

"Hili litakwisha kabla ya mfungo," nikamwambia. Akatabasamu, jambo ambalo si la kila siku.

Hapo ndipo alipoingia Ruweida wa Kibokoni, mteja wa tangu zama za Sherali, mwenye kununua leso kwa ajili ya harusi za ukoo mzima. Walisalimiana kwa urefu, wakaulizana watoto na magoti. Kisha macho ya Ruweida yakaanguka kwenye leso niliyoishika.

"Haya, Bi Amtulla. Hata weye?"

"Hata mimi nini?"

"Jina hili si la Badawi? Wiki nzima yuwaliuza. Mimi nshamnunulia wifi yangu." Akaigusa leso kwa ncha ya kidole. "Wengine waiga, twawajua. Weye sikukudhani."

Badawi ana duka mtaa wa pili, na jina la kutunga mwenyewe bado hajalizaa. Bi Amtulla alilijua hilo, Ruweida alilijua hilo, lakini la Badawi lilitoka kwanza, na sokoni anayetoka kwanza ndiye mwenyewe. Ruweida alinunua shumizi moja kwa adabu, akaaga.

Bi Amtulla akaketi juu ya robota.

"Naitwa mwizi," akasema. "Ndani ya duka la Sherali, naitwa mwizi."

Kisha akaniinulia macho. "Uliniambia haoni mtu."

Nataka niseme kweli kuhusu dakika ile. Niliogopa. Niliuona mlango wangu wa Bondeni na lile jina langu juu yake, na mji mzima ukisema Kasyoka anauza siri za wateja. Jicho la Bi Amtulla lilikuwa limenikaa usoni na halikutaka kuondoka. Nikatafuta mtu mwingine wa kutazamwa, na sikutafuta mbali.

"Fungua mfumo, Bi," nikasema. "Tuone nani aliyeingia."

Akafungua kwa neno lake la siri, akanisogezea laptopu. Jina lilikuwapo, na kando yake pameandikwa: Rasimu. Na chini: Mwisho kuguswa na arsalan. Tarehe ilikuwa ya wiki nne nyuma, saa tano na dakika hamsini asubuhi.

"Wewe ulimwambia Arsalan alifungue jina hili?"

"Sikumwambia. Hajui hata nilikuwa na jina."

"Basi alijua."

Chini ya mstari huo palikuwa na kitufe kingine, Historia ya Mabadiliko. Hicho sikukibonyeza. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Saa saba Arsalan akaja kula. Bi Amtulla hakungoja aketi.

"Uliingia kwenye jina langu?"

Arsalan aliitazama laptopu, akanitazama mimi, kisha akamtazama Masi wake kwa muda. Nilidhani anapanga uongo.

"Niliingia, Masi."

"Kufanya nini?"

Nyuma ya duka nilisikia sufuria ikichemka.

"Badawi amelipata wapi jina langu, Arsalan?"

Aliitazama tena laptopu. Halafu akasema, "Samahani, Masi."

"Asiye na kosa haombi samahani," nikadakia. Hakuna aliyeniuliza.

Bi Amtulla alinyoosha mkono, kiganja juu. Arsalan akatoa ufunguo mfukoni, akauweka pale, akatoka. Sahani yake ilikuwa mezani, imefunikwa na nyingine.

Mchana ule nililifuta neno la siri la Arsalan. Nami, kwa kuwa sijui kuacha, nikaweka mtego. Niliutega mfumo ili jambo lolote likiguswa kwenye tovuti, simu yangu ilie. Nilijua mwizi hurudi, na nilitaka nimkamate mwenyewe, kwa raha zangu.

Wiki tatu zikapita. Leso za ULOMDHANIA SIYE zilikaa kwenye marobota. Aliyeingia dukani alizitazama, akaguna, akachukua za zamani. Kila nilipopita mchana niliona meza ile ndogo ina sahani mbili, na kila mara Bi Amtulla aliirudisha moja kabatini kama aliyeitoa kwa kukosea. Nilijiambia, uchungu wa kweli ni bora kuliko utamu wa uongo, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo mtu hujiambia akitaka kulala.

Jumanne moja, saa tano na nusu, simu ikalia.

Imechapishwa: NIMEKUPISHA HUKUPITA.

Lilikuwa jina jipya. Niliruka kitini. Jina jipya kabisa, limetolewa hadharani, na Arsalan hana tena neno la siri! Mnadhani nilimwacha? Nilikimbia kutoka Bondeni hadi Ndia Kuu kwa miguu yangu, jua la utosi, huku nikijieleza njia nzima kwamba ameiba neno la Masi wake, kwamba alilinakili zamani, kwamba nilijua, nilijua, nilijua.

Bi Amtulla alikuwa peke yake dukani, miwani puani, laptopu mbele yake.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Nimechapisha jipya."

"Nani amechapisha?"

"Mimi. Nani mwingine? Si ulimfuta?" Akanisogezea kiti. "Nataka kukwambia, Kashoka, mfumo wako mzuri. Zamani kumwandikia mtu wa kiwanda ilikuwa kazi ya Arsalan, siku mbili tatu. Ile ya kwanza nilibonyeza mara moja tu na marobota yakaja."

Nilibaki nimesimama.

"Bi Amtulla. Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Akanionyesha, kwa subira, kama anayemfundisha mtoto. Kidole chake kilipita Hifadhi, kikapita Futa, kikatua.

"Hapa. Leso zachapwa kiwandani. Nataka zichapwe, nabonyeza Chapisha. Si wewe uliyeandika?"

Ni mimi niliyeandika. Kwetu mafundi wa tovuti, kuchapisha ni kutoa hadharani, dunia nzima ione. Kwake, miaka arubaini na mitatu, kuchapisha ni kupeleka mchoro kiwandani ukatiwe rangi. Alikuwa na neno hilo kabla mimi sijazaliwa. Hakuwa na sababu ya kumuuliza mtu.

Ataona analijua.

Nilivuta laptopu, nikalirudisha lile jina kuwa rasimu. Kisha nikakibonyeza kile kitufe nilichokiruka, Historia ya Mabadiliko, juu ya jina la kwanza. Kilifungua mistari miwili. Imechapishwa na amtulla, saa tano na dakika kumi. Imerudishwa rasimu na arsalan, saa tano na dakika hamsini.

"Fungua na barua pepe ya duka, Bi. Zilizotumwa. Tarehe hiyo hiyo."

Ilikuwapo, saa sita mchana, kwa mtu wa kiwanda: Masi ameniagiza niwatumie mchoro huu na jina lake, tafadhali anzeni kazi. Arsalan.

Niliviona vyote kwa pamoja, na sikumbuki siku nyingine niliyojichukia hivyo. Alikuwa kazini bandarini. Akaliona jina la Masi wake limeanikwa. Akaliondoa kwa simu yake, akatuma mchoro kiwandani ili aliyebonyeza asijue kwamba alibonyeza vibaya, halafu akaja kula kama kawaida na hakusema neno. Lakini barua zilikuwa zimeshatoka. Niliifungua orodha ya waliojiandikisha. Badawi alikuwa wa tatu, na jina la leo nalo lilikuwa limeshamfikia.

Nilimweleza Bi Amtulla yote. Sikutafuta maneno laini, kwa sababu kila nililolishika lilikuwa langu. Neno lilikuwa langu. Barua zile nilizifungulia mlango mimi. Na aliyemnyooshea Arsalan kidole, bila kugeuza ukurasa mmoja zaidi, alikuwa mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Aliposema samahani, alikuwa ananiomba ya nini?"

"Nadhani hakupenda uulizwe wewe, Bi. Mbele yangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la rida aliyojitanda, akaivaa, akaivua tena. "Akaona heri aitwe mwizi yeye," akasema, "kuliko mimi niitwe mzee asiyejua." Machozi yalimtoka bila sauti. Mimi yangu yalitoka na sauti.

Kisha akachukua simu. Iliita muda mrefu.

"Masi?" Niliisikia sauti ya Arsalan mpaka nilipokaa.

"Leo kuna wali wa dengu," akasema Bi Amtulla. "Saa saba."

"Nakuja, Masi."

Alikuja. Sahani zilikuwa mbili, na kando ya yake Bi Amtulla alikuwa ameweka ufunguo. Nilitaka kuondoka, nikaambiwa niketi. Bi Amtulla alimpakulia wali, akaongeza, akaongeza tena, mpaka Arsalan akaifunika sahani kwa mkono.

"Kashoka amenieleza," akasema.

Arsalan akaendelea kula. Nilingoja anigeukie, aniambie, nilikwambia mimi, ataona analijua. Nilikuwa tayari kwa hilo. Nilistahili kuambiwa. Hakuniambia. Alipomaliza alinawa, akaniuliza tu, kwa upole uleule ulioniudhi siku ya kwanza, "Sasa kitufe umekiandika nini?"

"Onyesha Watu Wote."

"Hicho atauliza," akasema, na nadhani alitaka kutabasamu. Akasimama arudi kazini. Bi Amtulla akausukuma ufunguo kwenye ukingo wa meza.

"Huo kaa nao, Masi," akasema Arsalan. Akambusu mkono, akatoka.

Bi Amtulla aliutazama ufunguo. "Kesho atauchukua," akaniambia. Kesho hakuuchukua. Chakula huja kula kila siku, saa saba, na hucheka na Masi wake kama zamani. Ufunguo uko mfukoni mwa Bi Amtulla hadi leo.

Nilikwenda Kibokoni kwa Ruweida nikamweleza habari nzima, kitufe kwa kitufe. Alinitilia kahawa, akanisikiliza, akasema, "Haya, mama, nshasikia." Namjua mtu asiyeamini. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

Nilipokwenda dukani kurekebisha maneno mengine ya mfumo, moja baada ya jingine, safari hii Bi Amtulla akiwa kando yangu na mimi nikimuuliza yeye kila neno analielewaje, aliinuka akaenda kwenye marobota. Akarudi na jozi moja, nyekundu na nyeusi, imekunjwa.

"Jina nimelitunga mwenyewe na dukani kwangu haliuziki," akasema. "Chukua, Kashoka. Jifunge nyumbani."

Jina la leso hukaa chini, nyuma ya aliyejifunga. Yeye halioni, hulisoma walio nyuma yake. Asubuhi moja nilikuwa nimejifunga ile leso jikoni, nakoroga uji, mume wangu Musyoka akaingia na kuketi. Nikamsikia akisoma polepole mgongoni kwangu, kama asomaye barua ya mtu.

"Ulomdhania siye," akasema. "Nani huyo?"

Niliendelea kukoroga. Uji ulikuwa umeshaiva zamani.